Kupanga Saa za Mwalimu: Mafunzo ya Zamu Mbili Kutoka Mtendeli

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya ualimu tunatumia majuma mengi kumfundisha mwanachuo namna ya kugawa dakika arobaini za kipindi: utangulizi, maarifa mapya, zoezi, hitimisho. Ni nadra kumfundisha namna ya kugawa siku nzima ya mwalimu, au juma zima la walimu kumi wanaofanya kazi pamoja. Matokeo yake ni kwamba mwanachuo anayehitimu aweza kutengeneza andalio la somo lisilo na kasoro, lakini akikabidhiwa ratiba ya shule huiiga ile aliyoikuta ukutani.

Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo kwa kiasi fulani. Tutazungumzia mpangilio nyumbufu wa saa za kazi za mwalimu wa shule ya msingi. Mifano yetu mikuu tutaichota katika nyanda za juu za Kigoma, hasa Mtendeli, mahali ambapo shida iliwalazimisha walimu kupanga saa zao kwa njia ambayo shule nyingi zenye nafasi hazijaifikiria.

1. Maana ya mpangilio nyumbufu

Kitu nyumbufu ni kile kinachopindika bila kuvunjika. Ratiba nyumbufu, kwa hiyo, ni ile inayoweza kukubali mahitaji ya mwalimu bila kuvunja haki ya mwanafunzi ya kufundishwa. Iwapo mwalimu amepata nafasi lakini darasa limebaki bila mwalimu, hiyo si ratiba nyumbufu. Ni ratiba iliyovunjika.

Unyumbufu una sura nyingi. Twaweza kutaja nne zinazohusu shule zetu:

(a) Zamu mbili, yaani kundi moja la wanafunzi husoma asubuhi na jingine mchana katika chumba kilekile.
(b) Kuanza kwa nyakati tofauti, ambapo mwalimu mmoja huingia mapema na mwingine huchelewa kwa makubaliano.
(c) Kukusanya nafasi, yaani vipindi visivyo na somo vya mwalimu huwekwa mahali pamoja badala ya kutawanywa.
(d) Kufanyia nyumbani kazi zisizohitaji wanafunzi, kama kusahihisha madaftari na kuandaa zana.

Neno zamu tunalolitumia hapa lisichanganywe na kazi ya mwalimu wa zamu, ambaye husimamia usafi, kengele na mstarini kwa juma zima. Huko Zanzibar, ambako shule nyingi zilisoma kwa utaratibu huu kwa miaka mingi, wenzetu huita mikondo miwili. Huku Bara mkondo ni kundi la darasa, kama vile Darasa la Tatu A na Darasa la Tatu B. Katika makala haya tutafuata matumizi ya Bara.

2. Si jambo geni kwetu

Wako wanaodhani kwamba habari ya saa nyumbufu ni ya maofisi ya Ulaya. Historia ya elimu ya taifa letu yaonyesha vingine.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, badala ya kungoja hadi 1989 kama ilivyokuwa imepangwa awali. Walimu wa kufanya kazi hiyo hawakuwapo, na vyuo vilivyokuwapo visingeweza kuwatoa kwa wakati. Ndipo kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza Darasa la Saba walipochukuliwa na kufunzwa wakiwa kazini huko huko vijijini. Sehemu ya siku walifundisha madarasa ya chini, na sehemu nyingine walikaa na wakufunzi wao, wakasoma masomo yaliyotumwa kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio. Mwishoni mwa mafunzo walikwenda chuoni kwa muda wa majuma sita. Walioandikishwa kwa njia hiyo walikuwa 45,000 hivi, na waliofaulu walikaribia 38,000. Hao ndio walioitwa na wananchi walimu wa UPE.

Ubora wa mafunzo yale umejadiliwa sana, na hatukusudii kuurudia mjadala huo. Linalotuhusu ni moja: siku ya kazi ya kijana yule iligawanywa makusudi katika sehemu mbili, na shule ilijengwa kuufuata mgawanyo huo. Hakuna aliyemwita mtoro kwa kuwa hakuwapo darasani alasiri. Kila mtu alijua yuko wapi na anafanya nini.

3. Mtendeli na kambi jirani

Mtendeli iko katika Wilaya ya Kakonko, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo. Palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi hapo katika miaka ya 1990, ambayo baadaye ilifungwa. Machafuko yaliyoanza Burundi mwezi Aprili 2015 yaliwaleta tena watu kwa makumi ya maelfu. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, ilifurika. Kambi ya Nduta ilifunguliwa upya Oktoba 2015, na Mtendeli Januari 2016. Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2021, na waliokuwa wamebaki wakahamishiwa Nduta.

Shule za kambi hizo zilifuata mtaala wa Burundi, na waliofundisha walikuwa wakimbizi wenyewe, wakilipwa posho ndogo badala ya mshahara. Vyumba vilikuwa haba mno. Wanafunzi wengi walisomea chini ya miti au kwenye mahema, na mvua za nyanda za juu, ambazo huanza kwa kawaida mwezi Oktoba na kuendelea hadi Aprili au Mei, zilikatiza masomo mara kwa mara. Ili chumba kimoja kihudumie makundi mawili, shule ziliingia katika zamu mbili.

Kutokana na mazingira hayo mwalimu yeyote aweza kujifunza mambo matatu.

Kwanza, zamu mbili huongeza chumba, haziongezi mwalimu. Kosa la kawaida la wapangaji ni kuchukua kwamba chumba kikipata kundi la pili, yule yule aliyefundisha asubuhi ataendelea mchana. Mwalimu wa namna hiyo husimama darasani siku kutwa, na saa za kuandaa masomo humezwa zote. Zamu mbili zenye afya ni zile ambazo kila zamu ina mwalimu wake, au zile ambazo mwalimu wa zamu zote mbili hupunguziwa mzigo mahali pengine.

Pili, ratiba lazima itarajie pengo. Mwalimu wa kambini aliweza kuondoka wakati wowote: urejeaji wa hiari Burundi ulianza Septemba 2017, na familia iliyoamua kurudi ilipanda gari siku iliyopangiwa, muhula umalizike au usimalizike. Shule iliyokuwa na mwalimu mmoja tu anayelijua azimio la kazi la somo fulani ilipoteza somo pamoja na mwalimu. Hivyo kila somo lahitaji watu wawili wanaojua limefika wapi.

Tatu, mahali pasipo na paa, saa hufuata hali ya hewa. Ikiwa mvua hunyesha alasiri kwa majuma mengi mfululizo, masomo yanayohitaji ubao na maandishi yafaa yaende asubuhi, na masimulizi, nyimbo na hesabu za kichwa yabaki kwa saa za mashaka.

4. Mahitaji ya mwalimu na masharti ya sheria

Kwa nini mwalimu wa shule ya kawaida, yenye paa na mshahara, ahitaji unyumbufu? Tuanze na hoja yenye uzito kuliko zote, yaani mama anayenyonyesha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Likizo hiyo yaweza kuanza majuma manne kabla ya siku anayotarajiwa kujifungua. Tupige hesabu: siku 84 ni majuma 12. Mama aliyeanza likizo majuma manne mapema atarudi darasani mtoto akiwa na majuma manane tu. Nao wataalamu wa afya duniani wanashauri kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi sita. Kwa sababu hiyo sheria ile ile inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku.

Haki hii imeandikwa wazi. Katika shule, hata hivyo, haki isiyo na nafasi katika ratiba ni maneno matupu. Mama hupewa ruhusa kwa mdomo, lakini kipindi chake cha saa 4:40 kiko palepale ukutani na wanafunzi wanamngoja. Ama atawaacha wanafunzi, ama atamwacha mtoto, na vyovyote atakavyochagua atalaumiwa.

Yako mahitaji mengine: mwalimu anayejiendeleza kwa masomo ya Chuo Kikuu Huria, anayeuguza, mwenye kufuata shughuli makao makuu ya wilaya, safari ambayo kutoka vijiji vingi vya Kasulu, Kibondo na Kakonko humeza asubuhi nzima, na mwenye shamba la mahindi na maharage linalodai jembe mvua za kwanza zinapoanguka. Hili la mwisho husemwa kwa kunong'ona, ingawa kila mkazi wa kijijini analijua.

Mahitaji yasiyopangiwa nafasi hujitafutia nafasi yenyewe. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2014 chini ya Benki ya Dunia ulikuta kwamba karibu nusu ya walimu hawakuwa darasani wakati waliotembelewa bila taarifa, ingawa wengi wao walikuwapo katika eneo la shule. Tuitafakari habari hiyo. Kumlazimisha mwalimu awepo shuleni tangu asubuhi hadi jioni hakumfikishi darasani kwa lazima. Kinachomfikisha darasani ni kipindi kinachojulikana kuwa chake, katika saa anayoweza kuitimiza.

5. Mfano wa hesabu

Tuchukue shule ya kubuni yenye walimu 10 pamoja na Mwalimu Mkuu, vyumba 8 na mikondo 10. Darasa la Kwanza lina mikondo miwili, la Pili miwili, la Tatu miwili, na la Nne hadi la Saba mkondo mmoja mmoja.

Mikondo minne ya Darasa la Kwanza na la Pili ina vipindi 6 kwa siku vya dakika 30, yaani saa 15 kwa juma kwa kila mkondo. Jumla ni saa 60. Mikondo sita ya Darasa la Tatu hadi la Saba ina vipindi 8 kwa siku vya dakika 40, yaani vipindi 40 kwa juma. Jumla ni vipindi 240, ambavyo ni saa 160. Shule nzima yahitaji saa 220 za kufundisha kwa juma. Tukigawa kwa walimu 10, kila mmoja hupata saa 22, sawa na vipindi 33 vya dakika 40.

Vyumba sita vitatumiwa na madarasa ya juu. Viwili vitatumiwa kwa zamu na madarasa ya chini: zamu ya kwanza saa 2:00 hadi 5:20, na ya pili saa 5:20 hadi 8:40, kila zamu ikiwa na mapumziko ya dakika 20. Zamu zibadilishane kila muhula, ili watoto wale wale wasisome katika joto la mchana mwaka mzima.

Madarasa ya juu yana vipindi vitatu kuanzia saa 2:00 hadi 4:00, mapumziko hadi 4:40, kisha vipindi vitano hadi saa 8:00. Katika kila kipindi mikondo minane inasoma, kwa hiyo walimu wanane wanahitajika darasani. Wawili wana nafasi. Mmoja kati yao awe mwalimu wa akiba, aliye tayari kuingia darasa lolote lililopata dharura. Nafasi ya pili ndiyo nafasi nyumbufu. Kwa vipindi 8 na siku 5 tunapata nafasi nyumbufu 40 kwa juma.

Sasa mwalimu mmoja amerejea kutoka likizo ya uzazi. Saa zake mbili ni sawa na vipindi 3 kwa siku. Tumpe kipindi cha nne, kinachofuata mapumziko, pamoja na vile viwili vya mwisho. Atatoka saa 4:00, atarudi saa 5:20, na ataondoka saa 6:40. Mapumziko yake hayakuhesabiwa ndani ya saa zile mbili, kwa sababu hayo ni haki yake nyingine. Atafundisha vipindi 5 kwa siku, yaani 25 kwa juma badala ya 33. Vimebaki vipindi 8.

Vipindi hivyo 8 tuwagawie walimu wanane, kila mmoja kimoja. Mwalimu Mkuu tumwache na vyake 33 kwa kuwa ana kazi za ofisi. Hivyo basi, haki ya mama na mtoto wake inamgharimu kila mwenzake dakika arobaini kwa juma. Tunasisitiza hesabu hii kwa sababu katika vikao vya walimu jambo hili hutajwa kana kwamba mwenzao amesamehewa kazi yote. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Unapoupima kwenye mizani ndipo unapojua uzito wake, wake na wako.

Mama ametumia nafasi nyumbufu 15. Zimebaki 25: vipindi vitatu vya kwanza vya kila siku, na kipindi cha tano na cha sita. Kwa hiyo kila siku mwalimu mmoja aweza kuingia saa 4:40 badala ya saa 2:00. Walimu wanane wakipokezana, kila mmoja hupata asubuhi kama hiyo karibu kila baada ya siku nane za kazi. Msomaji aangalie kwamba mwalimu huyu hakupunguziwa hata kipindi kimoja. Nafasi alizokuwa nazo, ambazo zamani zilitawanyika kipande huku na kipande kule, zimekusanywa mahali ambapo zaweza kumfaa.

6. Hatua za kufuata

Mwalimu Mkuu na mwalimu wa taaluma wanaotaka kupanga hivyo wafuate hatua zifuatazo:

(i) Wahesabu saa za kufundisha zinazohitajika kabla ya kutaja jina la mwalimu yeyote.
(ii) Wahesabu walimu wanaohitajika katika kila kipindi, na watenge mwalimu wa akiba kwanza. Akiba isitolewe kwa mtu hata akiomba kwa machozi.
(iii) Waingize haki za kisheria kabla ya maombi ya hiari. Mama mwenye mtoto mchanga achague saa zake mwanzo, kwa kuwa mtoto hawezi kungoja.
(iv) Nafasi zilizobaki zigawanywe kwa kupokezana, katika kikao, kwa maandishi, na orodha ibandikwe pale ilipo ratiba.
(v) Kila somo liwe na mwalimu wa pili anayelifahamu azimio la kazi na mahali lilipofikia.
(vi) Mpangilio upimwe kila mwisho wa mwezi kwa swali moja: ni vipindi vingapi vilivyopangwa havikufundishwa?

7. Pingamizi

Kuna wanaosema kwamba walimu watautumia vibaya mpango huu. Jambo hilo laweza kutokea. Lakini orodha iliyobandikwa huonyesha nani alistahili kuwa wapi, na mtu akivunja zamu yake wenzake ndio wa kwanza kuona, kwa kuwa zamu yao inafuata. Ruhusa ya siri kati ya mwalimu na mkuu wake ndiyo inayozaa upendeleo na manung'uniko.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Shule yenye walimu watatu na mikondo saba haina nafasi nyumbufu hata moja, kwa sababu hata mahitaji ya kawaida hayajatimizwa. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 wanafunzi waliongezeka mno, na shule nyingi za pembezoni zilizidiwa. Hatudai kwamba ratiba yaweza kuziba upungufu wa walimu. Hata hivyo, kwa shule kama hiyo hesabu ya hatua ya kwanza ina faida nyingine: Mwalimu Mkuu aweza kwenda kwa Afisa Elimu na karatasi inayoonyesha saa ngapi hazina mwalimu, badala ya kwenda na malalamiko.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba saa za mwalimu zaweza kupangwa kwa hesabu ile ile tunayomfundishia mtoto wa Darasa la Tano. Walimu wa Mtendeli walipanga saa zao kwa sababu vyumba havikutosha. Sisi tulio na vyumba tuna sababu nyingine, na miongoni mwake ni mtoto mchanga wa majuma manane anayengoja nyumbani saa nne asubuhi. Tunawaomba wakufunzi wenzetu waliingize zoezi hili katika maandalizi ya mazoezi ya kufundisha, ili mwanachuo aingie kazini akiijua ratiba kama kitu kinachotengenezwa na watu, na ambacho watu waweza kukitengeneza upya.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mfano wetu, mwalimu mwingine naye amerejea kutoka likizo ya uzazi, na anataka saa zile zile za mwenzake. Shule ifanye nini? Je, nafasi ya akiba iguswe?
2. Chukua ratiba ya shule uliyofanyia mazoezi ya kufundisha. Hesabu walimu waliohitajika darasani katika kila kipindi, kisha onyesha nafasi zilizokuwapo.
3. Eleza tofauti kati ya mwalimu aliyeko shuleni na mwalimu aliyeko darasani. Daftari la mahudhurio la shule yako linapima lipi?
4. Panga masomo ya siku moja ya Darasa la Nne linalosomea chini ya mti katika mwezi wa Novemba wilayani Kibondo. Toa sababu za mpangilio wako.